Fidia ya kuumia: hesabu iliyojificha nyuma ya neno "tumalizane"

Jirani yangu aligongwa akiwa amepakiwa kwenye bodaboda. Mwenye gari hakukimbia. Alishuka, akamwinua, akampeleka hospitali kwa gari lake, akalipia eksirei, kisha akamwekea mkononi shilingi 150,000. "Mama, haya ni mambo ya bahati mbaya. Tumalizane hapa hapa, polisi watatupotezea muda." Wakaandikishana kwenye karatasi iliyochanwa daftarini. Mashahidi walikuwa wawili: dereva wa bodaboda na muuza mahindi wa pale kituoni.

Wiki ya pili mguu ulivimba. Wiki ya tatu akawekewa antena, vile vyuma vinavyotokeza nje ya ngozi kushikilia mfupa. Kwa miezi mitano hakuwasha jiko kwenye banda lake la chakula. Kila aliyekuja kumjulia hali alimwambia neno lile lile: "Ungedai fidia." Ukiwauliza fidia ni kitu gani, inatoka kwa nani na inahesabiwaje, kila mmoja alikuwa na jibu lake.

Mkanganyiko unaanzia kwenye maneno matatu ambayo mtaani tunayachanganya: pole, faini na fidia. Pole ni hiari. Aliyekugonga anaweza kukupa laki moja, au kuku wawili, au asikupe kitu, na huna pa kumshitaki kwa kukunyima. Faini ni ya serikali: dereva akitiwa hatiani kwenye kesi ya trafiki na kutozwa pesa, hiyo pesa haiji kwako hata kama mguu uliovunjika ni wako. Fidia ndiyo yako. Ni malipo anayostahili aliyeumizwa kutoka kwa aliyemsababishia, ili kwa kadiri pesa inavyoweza arudi pale alipokuwa kabla ya ajali. Mfupa hauwezi kurudishwa na noti, lakini gharama ya kuutibu na siku ulizokosa kazi zinaweza.

Kuumia peke yake hakuleti fidia. Mdai anatakiwa aonyeshe kwamba yule mwingine alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu, kwamba hakuutimiza, na kwamba majeraha yametokana na uzembe huo. Dereva yeyote ana wajibu kwa wote wanaotumia barabara, kwa hiyo ubishi wa ajali za barabarani mara nyingi huwa kwenye uzembe: nani alitanua, nani aliingia barabara kubwa bila kusimama, taa zilikuwa na rangi gani. Kiwango cha ushahidi hapa ni chepesi kuliko kwenye jinai. Inatosha hakimu aone kwamba maelezo yako yana uzito kuliko ya mwenzako. Na hapo ndipo kesi ya trafiki, ambayo watu huidharau kwa kuwa haiwaletei pesa, inapokuwa na faida: dereva akitiwa hatiani na muda wa rufaa ukapita, hukumu ile inaingia kwenye kesi ya madai kama ushahidi kwamba kosa alilitenda.

Sasa nani analipa? Tanzania, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza gari kutembea barabarani bila bima ya watu wengine. Hii ndiyo bima ndogo, ile ambayo kwa gari dogo la binafsi tumezoea kuilipia shilingi 118,000 kwa mwaka na kuiona kama kodi nyingine tu ya kumridhisha trafiki. Wenye magari wengi hawajui walichonunua. Bima ndogo haitengenezi gari lako. Imewekwa kwa ajili ya mtu wa tatu, na huyo wa tatu ni wewe unayevuka zebra: wa kwanza ni mwenye gari, wa pili ni kampuni ya bima, wa tatu ni yule aliyeumizwa na gari ambaye hakusaini mkataba wowote. Bima kubwa inabeba hayo pamoja na gari lenyewe.

Kisheria, hata hivyo, mdaiwa wako ni dereva, na mara nyingi mwenye gari pamoja naye, maana mwajiri hubeba makosa ya mtu wake akiwa kazini. Daladala ikikugonga, usihangaike na deiwaka aliyeshika usukani siku hiyo ukamwacha tajiri. Kampuni ya bima inasimama nyuma yao. Inapewa taarifa mapema na, mahakama ikishatoa hukumu dhidi ya mteja wake, sheria inaibana ilipe. Kivitendo madai mengi hayafiki huko, kwa sababu kampuni huitwa mezani na kulipa kwa makubaliano. Stika ya bima siku hizi iko kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, kwa hiyo ukiwa na namba ya gari unaweza kujua lina bima ya kampuni gani na kama ilikuwa hai siku ya ajali. Ikiwa haikuwa hai, unabaki na dereva na mwenye gari na mifuko yao wenyewe, na hapo hata hukumu nzuri inaweza kuwa karatasi ya kutundika ukutani.

Turudi kwa jirani, kwenye hesabu.

Hesabu ya fidia ina mafungu mawili. Kuna fidia maalumu, yaani kile kinachoweza kuhesabiwa kwa shilingi, na kuna fidia ya jumla, ambayo haina risiti. Kwenye fungu la kwanza mahakama ni bahili. Lazima kila kitu ukitaje kwenye madai na ukithibitishe kimoja kimoja, na Mahakama ya Rufani imeshikilia msimamo huo miaka nenda rudi. Jirani alitumia hospitali kama 2,340,000, lakini risiti zilizobaki kwenye mfuko wa rambo zilifika 1,900,000. Tofauti ya 440,000 ni pesa iliyotoka kweli, ila kwa macho ya sheria haikutoka. Bajaji za kwenda kliniki mara 14 hazikuwa na risiti hata moja.

Kipato nacho kilitaka kazi. Alikuwa akibakiza faida ya 25,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Miezi mitano ni siku 130, yaani shilingi 3,250,000. Atathibitishaje, wakati mama lishe hana hati ya mshahara? Kwa bahati alikuwa na daftari la wadeni wake, mafundi ujenzi wa pale karibu, lenye tarehe, na miamala ya simu ya wateja wanaolipa kwa lipa namba. Daftari lile lenye madoa ya mchuzi lilikuwa na thamani kuliko barua yoyote ya mwenyekiti wa mtaa. Ukijumlisha na risiti za hospitali unapata 5,150,000 kabla maumivu hayajatajwa.

Maumivu, kovu, kushindwa kuchuchumaa, usiku wa kutolala: hayo ndiyo fidia ya jumla. Hakimu huangalia ripoti ya daktari, hasa asilimia ya ulemavu wa kudumu, na viwango vilivyotolewa kwa majeraha yanayofanana, kisha anaamua. Hakuna bei ya mguu ukutani. Kama ulemavu utapunguza kipato cha miaka ijayo, huchukuliwa kipato cha mwaka na kuzidishwa kwa miaka iliyobaki ya kazi, lakini miaka hiyo hupunguzwa, kwa kuwa unalipwa leo kwa mkupuo pesa ambazo ungezipata kidogo kidogo.

Kisha upande wa pili unakuja na neno lao: uzembe changizi. Nawe ulichangia. Wangekuwa wamepanda mishikaki, abiria wawili nyuma ya dereva mmoja, hoja hiyo ingeuma. Tuseme fidia yote imefika 8,000,000 na mahakama ikaona umechangia asilimia 20: unaondoka na 6,400,000. Lakini mchango unaohesabiwa ni ule uliochangia ajali au uliozidisha jeraha. Jirani hakuvaa helmeti, na wakala wa bima aliling'ang'ania hilo kana kwamba amepata dhahabu. Kilichovunjika ni mguu. Helmeti ingeuzuiaje?

Mlango wa kuingilia kwenye haya yote ni PF3, fomu ya polisi anayoijaza daktari kueleza majeraha. Wengi wanaijua kama kibali cha kutibiwa na hawajui kwamba ni kumbukumbu ya kwanza inayounganisha jeraha na siku ya tukio. Ikichukuliwa mwezi wa nne, mtu wa bima atauliza kwa upole sana kama hukuanguka bafuni. Pamoja nayo kuna ramani ya ajali iliyochorwa na askari, ripoti ya ukaguzi wa gari, na taarifa ya polisi ya mwisho. Ramani haichorwi baada ya magari kuondolewa na mvua kunyesha, na hii ndiyo sababu kubwa, kwa maoni yangu, kwa nini "tumalizane" ya barabarani ni ghali. Haikupunji pesa ya siku ile tu. Inafuta ushahidi wa kesho.

Muda nao una mwisho. Madai ya uzembe yanatakiwa kufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3. Mazungumzo na kampuni ya bima hayasimamishi saa, na kuna watu wameitwa "njoo wiki ijayo" mpaka mwaka wa tatu ukawapita. Ukidai serikali, kwa mfano umegongwa na gari la halmashauri au wizara, lazima kwanza utoe notisi ya siku 90. Aliyeumia akifariki, haki haizikwi naye: Sura ya 310 ya sheria za Tanzania inawapa mke au mume, watoto na wazazi nafasi ya kudai kwa kumpoteza aliyekuwa akiwalisha.

Aliyeumia akiwa kazini ana njia nyingine kabisa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unachangiwa na waajiri kwa asilimia 0.5 ya mishahara, na mfanyakazi hakatwi senti. Huko hakuna kubishana nani mzembe. Ukiumia kwa sababu ya kazi unatibiwa na kulipwa kwa fomula, ila madai yasipopelekwa ndani ya miezi 12 unajitafutia matatizo. Fundi aliyeanguka kwenye jukwaa la ujenzi akaambiwa na bosi "jitibie tutaangalia" anapaswa kujua hili kabla ya kuuza pikipiki yake.

Kampuni ikikubali kulipa, itakuletea hati ya kufunga madai: unapokea kiasi fulani na unatamka kwamba huna dai lingine lolote kutokana na ajali ile. Ukisaini, basi. Antena ikitolewa mwakani na mfupa ukakataa, huwezi kurudi kudai tena. Ndiyo maana mawakili wengi hawapendi kufunga kabla daktari hajasema kidonda kimetulia. Jihadhari pia na vishoka, wale wanaojifanya mawakili, wanaozunguka wodini wakikusanya sahihi za wagonjwa kwenye hati za uwakilishi. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kuwatafuta wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na mzozo na kampuni ya bima unaweza kupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Jirani alikwenda polisi mwezi wa nne, kwa magongo. Walimuuliza namba ya gari. Hakuwa nayo, siku ile alikuwa analia, hakuwa anasoma vibao. Tukarudi kwenye karatasi ya daftari, ile ile ambayo wakili wa upande wa pili ataipunga siku moja na kusema "mlishamalizana". Nyuma yake, kwa kalamu nyingine, muuza mahindi alikuwa ameandika namba ya gari bila kuambiwa na mtu.