Alama za wodini: kwa nini mgonjwa mmoja hatoshi

Katika mtihani mmoja wa vitendo nilisimama na mtahini mwenzangu kando ya kitanda, tukimtazama mwanafunzi wa mwaka wa tano akimpima mgonjwa aliyevimba tumbo. Kijana alisugua viganja kwanza ili baridi isimshtue mgonjwa, kisha akapapasa kuanzia chini upande wa kulia, akipanda polepole hadi akaukuta ukingo wa ini. Nilimpa 7 kati ya 10. Mwenzangu akampa 5, kwa kuwa hakuuliza panapouma kabla ya kugusa. Tulipohamia kwa mama aliyekuwa akihema kwa shida, kijana yuleyule alibabaika, na safari hii sote tuliandika 4.

Walimu wengi hulalamikia tofauti ya kwanza, ya mtahini mkali na mtahini mpole. Inayonisumbua mimi ni ya pili, ya mgonjwa mmoja na mwingine. Alama ni thabiti pale ambapo mwanafunzi angebaki katika nafasi ileile miongoni mwa wenzake hata angepangiwa wagonjwa na watahini wengine. Na tangu kazi ya mtafiti Arthur Elstein na wenzake huko Marekani, kuhusu jinsi madaktari wanavyofikiri, iliyochapishwa mwaka 1978, tunajua kwamba kufanya vizuri kwa mgonjwa mmoja hakubashiri sana atakavyofanya kwa mwingine. Kwa hiyo watahini wawili wanaweza kuafikiana kabisa, na bado alama yao isituambie lolote la maana kuhusu mgonjwa wa kesho.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme uthabiti wa alama ya mgonjwa mmoja, kwa kipimo cha 0 hadi 1, ni 0.3: kwa kanuni ya Spearman na Brown, inayokadiria uthabiti unavyopanda vipimo vikiongezwa, wagonjwa kumi wanaufikisha 0.81, kiwango ambacho wengi hukiona kinatosha kwa mtihani wa kufaulu au kufeli. Ndiyo faida kubwa ya mtihani wa vituo, OSCE, ambao Ronald Harden wa Dundee, Uskoti, na wenzake waliueleza mwaka 1975: mwanafunzi huzunguka vituo vingi vifupi, na kila kituo kina mtahini wake.

Kurefusha fomu ya tathmini hakusaidii. Nimepokea fomu za mwisho wa mzunguko wa wodi zenye vipengele kumi na viwili, vyote vimewekewa alama ileile ya juu kwa mkupuo mmoja wa kalamu, kuanzia maarifa hadi usafi wa koti. Mtahini amempenda kijana, basi. Nikiwa na watahini wawili na saa moja, siku hizi siwaweki tena kitanda kimoja. Kila mmoja namwelekeza kwa wagonjwa wake.