Maswali na Majibu: Jiko la Mkaa Chumbani na Mapafu ya Mtoto

Kila mwaka, baridi ya Juni na Julai inapokaza Makete, Njombe na Mbeya, tunapokea watoto wenye nimonia waliocheleweshwa nyumbani kwa sababu walidhaniwa kuwa na mafua tu.

Ndani kabisa ya mapafu kuna kinga gani?
Njia za hewa huishia kwenye mamilioni ya vifuko vidogo, ambavyo kila kimoja kimetandwa utando mwembamba wa mafuta na protini uitwao safaktanti, unaozuia kuta zake zisigandamane kama nailoni zilizolowa. Baadhi ya protini hizo hunasa vijidudu, kisha seli ziitwazo makrofaji huvimeza na kuviyeyusha kimyakimya, bila kuamsha uvimbe usio wa lazima.

Mkaa ukishakolea na moshi kuisha, jiko likiingizwa chumbani si salama?
Si salama. Moshi na masizi yanayovutwa humezwa na makrofaji hizohizo, nazo zikijaa masizi hudhoofika katika kumeza vijidudu. Mkaa uliokolea nao hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyoonekana wala kunusika, inayoweza kuua watu wote waliolala chumbani. Jiko libaki nje, hata kama baridi ni kali kiasi gani. Mtoto avalishwe na afunikwe vizuri.

Mtoto anakohoa na kupumua harakaharaka. Nimchue kifua kwanza, nione kesho?
Hapana, mama, mlete leo. Vijidudu vikizidi nguvu, makrofaji huita seli nyingine kutoka kwenye damu, vifuko hujaa majimaji na usaha, safaktanti huharibika, na oksijeni hushindwa kupita. Hali hiyo haiondolewi na mafuta ya kuchua, wala tangawizi, wala antibaiotiki zilizobaki kwa kaka yake.

Mhesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi kabla hajatimiza 5, ni dalili ya hatari. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, mlete hata usiku. Leo, narudia, si baada ya kumaliza kuvuna viazi.

Mbona watoto njiti hubanwa pumzi zaidi?
Kwa kawaida safaktanti hutosheleza karibu na wiki ya 35 ya mimba, hivyo anayezaliwa kabla ya hapo huenda asiwe nayo ya kutosha. Mjamzito anayehisi uchungu kabla ya wakati awahi hospitali, kwa kuwa ipo sindano ya kusaidia kukomaza mapafu ya mtoto.

Na mtu mzima anayekohoa?
Kikohozi cha wiki 2 au zaidi kipimwe kifua kikuu, ambacho bakteria wake huweza kuishi ndani ya makrofaji zilizowameza. Vipimo na dawa ni bure katika vituo vya serikali. Ikiwa anayekohoa ni bibi anayelala na mjukuu, waje wote wawili.