"Dakika 14 tu, mguu utavumilia"

Maneno haya nimeambiwa tena, safari hii na baba wa kijana aliyeitwa kwenye kambi ya timu ya taifa ya raga ya wachezaji saba. "Daktari, si ni dakika 14 tu?" Natibu misuli na viungo vya wanamichezo hapa Kampala, na hakuna dhana inayoniharibia vijana kama hii.

Ni kweli mechi ina vipindi viwili vya dakika 7. Lakini uwanja ni ule ule wa raga ya kawaida, yenye wachezaji 30 wa timu mbili, na sasa wamo 14. Mpira ukifika pembeni, unachomoka kwa kasi yako yote, unakabwa, unainuka, unakimbia tena. Tena mechi si moja: ni mbili au tatu kwa siku, siku mbili mfululizo, msuli ukipoa katikati na kuamshwa upya. Mwaka 2022 Uganda ilitwaa ubingwa wa Afrika hapa Kampala mwezi Aprili, ikaenda Michezo ya Jumuiya ya Madola Birmingham mwezi Julai, kisha Kombe la Dunia Cape Town mwezi Septemba. Ukianza msimu kama huo na paja bovu, hulimalizi.

Msuli wa nyuma ya paja huchanika mara nyingi mguu ukiwa umetupwa mbele, muda mfupi kabla ya kukanyaga. Maumivu huisha mapema, nguvu hurudi baadaye sana, na hapo ndipo kijana hudanganyika. Anapanda ngazi bila shida, anakimbia polepole pale uwanjani Lugogo, anatangaza amepona. Mimi namlaza kifudifudi, namwambia akunje goti, halafu navuta kisigino. Mguu mzima unanishinda nguvu. Ule ulioumia unatetemeka, kisha unaachia. Aliyewahi kuchanika ndiye aliye hatarini zaidi kuchanika tena, hasa akiharakisha kurudi. Sindano ya maumivu kabla ya mechi haiungi msuli hata kidogo.

Makocha wa shule, nawasihi jambo moja. Kijana apige magoti, mwenzake amshike vifundo vya miguu, ajishushe mbele polepole mwili ukiwa umenyooka. Mara mbili kwa wiki, hata kama haumwi. Zoezi hili halihitaji jimu wala shilingi.

Na kuchua kwa nguvu siku ile ile ya kuumia, acheni! Damu bado inavuja ndani. Funga bandeji, weka barafu, pumzisha mguu.

Wengine huniambia aliyegongwa kichwa yuko salama maadamu hakuzimia. Si kweli. Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawapotezi fahamu kabisa. Akiyumba, au akisahau matokeo ya mechi, anatoka na harudi tena siku hiyo, hata ikiwa fainali.

Kuhusu kuacha chuo kwa sababu jina limetoka kwenye kikosi, nawaambia wazazi wasikubali. Wengi wanaocheza raga hapa kwetu hawawezi kuishi kwa raga peke yake. Kano ya mbele ya goti ikikatika na kufanyiwa upasuaji, mchezaji hukaa nje miezi 9 au zaidi, na katika miezi hiyo angeweza kumaliza mihula miwili.