Kwa nini suti nyeusi ya bwana harusi inageuka doa ukiweka picha kwenye TV?

Watu wengi picha iliyokuwa safi kwenye laptopu ikiharibika kwenye TV wanasema TV ina rangi chache, basi wanarudi kwenye programu wanapandisha rangi mpaka nyuso zinakuwa za machungwa. Lakini rangi hazijapungua! sRGB, kiwango cha picha nyingi za kompyuta kilichokuja 1996, na Rec. 709, kiwango cha TV za HD cha tangu 1990, vinatumia nyekundu ileile, kijani ileile, bluu ileile, hata nyeupe ni moja. Kwa hiyo kuongeza rangi hakugusi tatizo kabisa, na hili watu wanabishaga sana.

Tatizo liko kwenye namba za mwangaza, zile zinazosema kila nukta ya picha iwe nyeusi au nyeupe kiasi gani. Kompyuta inahesabu 0 kuwa nyeusi kabisa na 255 nyeupe kabisa, ila kwenye video ya TV nyeusi ni 16 na nyeupe ni 235, zile za pembeni ziliachwa wazi tangu Rec. 601 ya 1982, kiwango cha video ya kidijitali, ili mawimbi yakiruka kidogo yasikatwe. Chukua fundi cherehani ambaye tepu yake imekatika inchi za mwanzo, yeye anajua na anahesabu hivyo hivyo, sasa umletee vipimo vya tepu nzima bila kumwambia, kitambaa ni kilekile ila nguo haikai. Laptopu ikituma 0 hadi 255 kwa HDMI na TV ikadhani ni 16 hadi 235, vya chini ya 16 vyote vinakuwa weusi mtupu na vya juu ya 235 weupe mtupu, mikunjo ya suti inapotea na lesi ya shela nayo inaenda. Ikiwa kinyume, nyeusi inakuwa kijivu na picha nzima inapauka.

Kwa hiyo usiguse picha, linganisha setingi ya laptopu na ya TV, Full (0 hadi 255) kwa Full au Limited (16 hadi 235) kwa Limited. Ukitengeneza video ya picha, programu nyingi zinageuza namba zenyewe, ukizibana tena kwa mkono zinapauka. JPEG ya kwenye fleshi kwa kawaida haina shida hii, TV inaifungua yenyewe.

Kuna sehemu moja rangi zinafifia kweli: iPhone tangu iPhone 7 ya 2016 zinapiga kwa Display P3, kiwango cha rangi ambacho ni kipana kuliko sRGB, na kuweka lebo yake ndani ya picha, na kifaa kisichosoma hiyo lebo kinaonyesha nyekundu iliyopoa, hapo ndo ugeuze picha iwe sRGB. Ila kwanza, kwenye setingi ya hali ya picha, itoe TV kwenye Vivid uweke Movie, maana Vivid inazidisha rangi na mara nyingi inasukuma nyeupe kuelekea bluu, utajikuta unahariri picha kufuata makosa ya TV.