The Wall ya Pink Floyd: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ilipotoka, wahakiki wote waliivulia kofia."
Hapana. Albamu hii ya bendi ya rock ya Uingereza, Pink Floyd, ilitoka kwao tarehe 30 Novemba 1979, na wahakiki waligawanyika papo hapo. Kurt Loder wa jarida la Rolling Stone aliisifu. Robert Christgau wa gazeti la Village Voice akaipa alama ya wastani, B-. Lawama kubwa ilikuwa kwamba ni kilio cha nyota tajiri anayejihurumia kwa santuri mbili nzima. Lawama hiyo ina uzito, hasa upande wa tatu, ila inasahau kwamba Pink, nyota wa rock ambaye albamu inasimulia kisa chake, naye anageuka kuwa dikteta mbele ya mashabiki wake. Albamu haimtetei, inamfikisha mahakamani.

"Ilishika namba moja kila mahali."
Marekani ndiyo, kwa wiki 15. Kwao Uingereza iliishia namba 3. Kilichoongoza chati huko Krismasi ya 1979 ni wimbo mmoja tu, Another Brick in the Wall, Part 2.

"Imeuza nakala milioni 23 Marekani."
Cheti ni cha platinamu mara 23, na platinamu moja ni milioni moja, lakini kwa albamu hii ya santuri mbili kila santuri ilihesabiwa peke yake. Gawa kwa mbili: nakala milioni 11.5.

"Another Brick in the Wall, Part 2 unapinga elimu."
Unawapinga walimu wanaowadhalilisha watoto, na ubeti wenyewe unataja kejeli darasani. Wanafunzi weusi wa Afrika Kusini walielewa haraka: mwaka 1980 waliuimba wakigomea elimu duni waliyopangiwa, na serikali ya makaburu ikaupiga marufuku.

"Ni kazi ya Roger Waters peke yake."
Kisa ni cha Waters, mpiga gitaa la besi wa bendi, na maneno karibu yote pia. Lakini muziki wa wimbo Comfortably Numb kwa sehemu kubwa ulitoka kwa mpiga gitaa David Gilmour, na bila prodyuza Bob Ezrin huenda ule wimbo wa shule, Another Brick in the Wall, Part 2, usingevuma vile. Ulikuwa na ubeti mmoja na kiitikio, mfupi mno kwa redio. Ezrin alinakili sehemu hiyo na kuiunganisha tena mwishoni, kisha watoto 23 wa shule ya Islington Green, London, wakaimba ubeti wa pili. Sauti zao zilirekodiwa tena na tena, zikapangwa moja juu ya nyingine hadi zikawa kwaya kubwa.

"Unaweza kuchagua nyimbo unazozipenda na kuisikiliza kwa mpangilio wowote."
Hapo ndipo hukumu nyingi za leo zinapoharibika. Nyimbo zimeunganishwa bila kituo, na sentensi inayokatika mwishoni mwa albamu inamaliziwa mwanzoni kabisa. Kwenye simu, zima uchezaji wa kuchanganya nyimbo, zima pia kile kipengele kinachofifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine, na ruhusu uchezaji usio na mwanya. Tenga dakika 81.