Pedi za breki za diski: umbo kwanza, kisha rezini au metali

Pedi ya breki ya diski ya baiskeli ina tabaka mbili. Nyuma kuna bati gumu la chuma au alumini, na mbele kuna nyenzo ya kusugua iliyoshikamanishwa na bati hilo. Pedi zinakaa mbili mbili ndani ya kalipa, yaani kifaa chenye pistoni kinachoikumbatia diski, moja kila upande wa diski. Ukivuta mkono wa breki, pistoni zinasukuma pedi, pedi zinaibana diski, na mwendo wa baiskeli unageuka kuwa joto. Mafundi wa Bukavu, mji wetu wa vilima mashariki mwa Kongo, huziita plakete, na ukizitaja hivyo sokoni utaeleweka mara moja.

Joto lenyewe si la kudharau. Mtu na baiskeli yake wakiwa na kilo 100 kwa pamoja, wakishuka mita 100 za kimo bila kuongeza mwendo, wanatoa takribani kilojuli 98. Upepo na tairi huchukua sehemu yake, na zinazobaki zinaishia kwenye diski mbili nyembamba na pedi nne. Kilojuli 98 zingechemsha kikombe kikubwa cha chai. Sasa fikiria mteremko wa Ngomo kwenye njia ya Kamanyola na Uvira, kona baada ya kona hadi bonde la Ruzizi, na uhesabu vikombe mwenyewe. Ndiyo maana swali la pedi ipi ya kununua lina uzito zaidi kwa mtu wa Bukavu kuliko kwa mtu anayeishi penye tambarare.

Watu wengi wakifika dukani huanza na bei, au na jina la kampuni. Anza na umbo. Hakuna umbo moja la pedi linaloingia kwenye kalipa zote. Shimano peke yake ina familia kadhaa, SRAM ina zake, Magura na Hope vilevile, na hata ndani ya kampuni moja kalipa ya pistoni mbili haichukui pedi ya kalipa ya pistoni nne. Njia isiyo na ubishi ni kung'oa pedi ya zamani na kwenda nayo mfukoni. Iweke juu ya mpya, bati kwa bati: tundu la pini lilingane, masikio ya pembeni yalingane, ukingo wote ulingane. Kama kuna namba nyuma ya bati, iandike. Baiskeli nyingi za Shimano za bei ya chini na ya kati zinatumia umbo la B01S; baadaye likaja toleo la B03S, kisha B05S, yote ya rezini na yote yenye umbo lilelile. Pedi ya metali ya umbo hilo ni E01S. Kwa hiyo ukimwomba muuzaji B01S akakupa B05S, hajakuibia.

Jambo moja la kukataa: fundi anayetaka kukata masikio ya pedi kwa tupa ili "iingie tu". Pedi inapaswa kuteleza kwa uhuru ndani ya kalipa na kurudi nyuma ukiachia breki. Iliyokatwa kwa macho hukwama, husugua upande mmoja, na ikikaa vibaya pistoni inaweza kutoka kupita kiasi na kuvujisha mafuta ya breki. Subiri wiki moja, agiza inayofaa.

Umbo likishajulikana, kabla ya kuchagua nyenzo, angalia diski. Baadhi ya diski, hasa zile zinazokuja na baiskeli za bei nafuu, zimechongwa maneno "RESIN PAD ONLY" kwenye mikono yake au karibu na kitovu. Maana yake ni kwamba chuma chake ni laini na kinakubali pedi za rezini tu. Ukiweka metali hapo, diski italika haraka na breki haitashika inavyopaswa. Baiskeli za mitumba zinazofika huku kutoka Ulaya huwa zimepita mikono mingi, na diski ya mbele inaweza kuwa ya aina moja na ya nyuma nyingine. Pangusa matope, soma zote mbili.

Sasa nyenzo. Rezini, ambayo wengine huiita oganiki, ni nyuzi na unga wa vitu mbalimbali vilivyoshikwa pamoja kwa gundi ya rezini. Inashika vizuri tangu mvuto wa kwanza hata ikiwa baridi, haipigi kelele nyingi, na haipitishi joto jingi kwenda kwenye pistoni. Ubaya wake unajitokeza sehemu mbili: kwenye maji yenye mchanga, ambako inalika upesi sana, na kwenye mteremko mrefu, ambako ikipata moto kupita kiasi gundi yake hupoteza nguvu. Hapo unavuta mkono wa breki, uko mgumu kama kawaida, lakini baiskeli haipungui mwendo. Ikipoa, uso wake unaweza kubaki mgumu na unaong'aa, na haishiki tena kama mwanzo.

Metali ni unga wa shaba, chuma na madini mengine, uliobanwa na kuokwa kwenye moto mkali hadi ukawa kitu kimoja. Inavumilia joto na matope, na kwenye mvua inadumu kuliko rezini. Lakini inapiga kelele, hasa ikilowa. Ikiwa baridi inashika kwa uvivu. Inakula diski zaidi. Na joto jingi zaidi linapita kwenye bati hadi kwenye pistoni na mafuta ya breki. Kati ya hizo mbili kuna pedi za nusu metali, yaani rezini iliyochanganywa na chembe za metali. Zinauzwa kama suluhisho la kila kitu. Kwa maoni yangu ni chaguo zuri kwa asiyetaka kufikiria sana, basi.

Kwa Bukavu, nani aweke nini? Msimu wa mvua huku ni mrefu, karibu Septemba hadi Mei, na udongo wetu mwekundu ukilowa unageuka tope linalobeba chembe za mchanga hadi ndani ya kalipa. Anayeshuka kila siku kutoka Kadutu na kurudi, au anayepanda vijia vya vilima nje ya mji, aweke metali mbele na nyuma ikiwa diski zinaruhusu. Kelele atazizoea, na majirani pia. Anayezunguka Nguba na Muhumba kwenye lami, kwa mwendo wa kawaida, rezini inamtosha na itamgharimu kidogo. Kama diski zako ni za rezini tu nawe unapenda milima, usihangaike na pedi: weka akiba ya kununua diski. Rafiki zetu wa Goma wana tatizo lao, vumbi la mawe ya volkeno, kali kwa rezini hata wakati wa kiangazi.

Kuhusu kuchakaa, Shimano inaelekeza pedi ibadilishwe nyenzo ikibaki nusu milimita. Kwa jicho, hiyo ni tabaka nyembamba sana, kwa hiyo mtu wa milimani asisubiri hadi hapo. Ikikaribia milimita moja, tafuta mpya. Diski nayo ina kikomo: nyingi za Shimano huanza na milimita 1.8 na hutupwa zikifika 1.5. Ukisikia sauti ya chuma kukwaruza chuma, nyenzo imekwisha, bati linachonga diski, na sasa una vitu viwili vya kununua.

Adui mkubwa wa pedi, kuliko mvua na kuliko Ngomo, ni mafuta. Pedi ina vinyweleo, yaani vitundu vidogo sana, na mafuta yakiingia hayatoki kwa urahisi. Karibu kila banda la fundi lina chupa ya oili ya pikipiki kwa ajili ya mnyororo, na mkono uleule uliopaka mnyororo ndio unaoshika diski. Kuna hata wanaopulizia diski mafuta ili kunyamazisha kelele. Kelele inanyamaza kweli, na breki inanyamaza nayo. Diski iliyoguswa husafishwa kwa alkoholi safi na kitambaa kipya. Pedi iliyolowa mafuta, wengine huipiga msasa, wengine huichoma motoni. Mimi ningeitupa, maana mteremkoni sitaki kubahatisha.

Kubadilisha si kazi ngumu. Toa gurudumu, nyoosha na uchomoe pini au fungua skrubu inayoshikilia pedi, toa pedi na springi yake. Sukuma pistoni zirudi ndani taratibu kwa kitu cha plastiki, kama kile cha kutolea tairi, kabla ya kuweka pedi mpya ambazo ni nene zaidi. Usivute mkono wa breki wakati gurudumu liko nje, la sivyo pistoni zitasogea na diski haitapata nafasi ya kuingia. Kama fundi alikuwa ameongeza mafuta ya breki pedi za zamani zikiwa nyembamba, mafuta hayo yatakosa pa kwenda sasa na pistoni zitagoma kurudi, itabidi yapunguzwe. Na mafuta ya breki za Shimano ni ya madini. Ukiyachanganya na DOT, mafuta ya breki za magari, mipira ya ndani inaharibika na breki nzima imekwenda.

Pedi mpya haishiki vizuri siku ya kwanza. Inahitaji kuacha tabaka nyembamba ya nyenzo yake juu ya diski, na hilo linafanyika kwa kuendesha. Tafuta kipande cha barabara kilichonyooka, alfajiri kabla magari hayajajaa. Pata mwendo wa wastani, vuta breki moja kwa nguvu hadi unakaribia kusimama lakini gurudumu lisifunge, achia, rudia kama mara 20, kisha fanya hivyohivyo kwa breki ya pili. Utahisi inaanza kushika zaidi kila mara. Ukimaliza usiiguse diski: ina moto wa kuunguza, na kidole chako kina mafuta.