Je, wajua konokono wanaweza kumla kamba-koche akiwa mzima?

Mwulize mvuvi yeyote anayezamia kamba-koche huku pwani kwetu nani anamla nani mwambani, atakujibu papo hapo. Mlaji ni kamba. Mchana kajificha pangoni, masharubu yake marefu tu ndiyo yanayochungulia. Usiku ukiingia hutoka, humshika konokono, humgeuzageuza kwa miguu, kisha huanza kulimega kombe lake kwa taya, kidogo kidogo kuanzia ukingoni, mpaka aifikie nyama.

Sasa sikiliza kilichotokea Afrika Kusini.

Kwenye mdomo wa Ghuba ya Saldanha, kaskazini ya Cape Town, vipo visiwa viwili vidogo vya mawe, Malgas na Marcus. Vimeachana kama kilomita 4 tu, na vyote vinapigwa na maji yale yale ya baridi ya mkondo wa Benguela. Lakini ukizama Malgas unakuta mwani umetanda juu ya miamba na kamba wamejaa, na kome wakubwa ni wa kutafuta. Ukizama Marcus, mwani ni haba. Miamba imevikwa kome, wale wenye makombe mawili yanayofungana, wamebanana hadi jiwe halionekani, na juu yao wanatambaa konokono wengi ajabu. Kamba hakuna.

Wanasayansi wawili, Amos Barkai na Christopher McQuaid, waliona hapa pana fumbo. Wavuvi wa eneo lile walikumbuka kwamba miaka kama 20 nyuma Marcus nako kulikuwa na kamba tele. Kome ni chakula anachokipenda sana kamba, na pale wamejaa. Mbona basi hawarudi? Labda maji yameharibika? Waliwaweka kamba ndani ya vizimba palepale Marcus, wakawalisha kome, na kamba wakaishi humo miezi kadhaa bila shida. Maji hayakuwa na kosa.

Ndipo wakachukua kamba 1,000 kutoka Malgas, wenye afya zao, wakawaachia huru Marcus.

Konokono hawakungoja. Walianza kuwashambulia kamba wale mara tu walipotua chini. Mmoja anashika mguu, mwingine anashika mguu wa pili, wengine wanajibandika tumboni, na kila anayejibandika ni mzigo mpya kwa kamba anayejaribu kukimbia. Kamba mmoja aliweza kuvamiwa na konokono zaidi ya 300 na kuuawa ndani ya robo saa. Haikupita saa moja, nyama yote ilikuwa imekwisha na gamba limebaki tupu. Wiki moja baadaye watafiti walirudi kutafuta, wasimpate kamba hata mmoja aliye hai. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1988 katika jarida la Science, na mimi kila nikiyakumbuka husisimka, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba mlaji ni mlaji na mliwaji ni mliwaji, kana kwamba jambo hilo limeandikwa mwilini mwa mnyama.

Siri ni idadi. Konokono hawa, wa kundi liitwalo Burnupena, kazi yao kubwa ni kula mizoga na wanyama waliojeruhiwa, na harufu ya nyama majini huwavuta upesi. Kamba akikutana na mmoja au watano, anawala. Akitua katikati ya mamia, hana pa kuweka mguu. Kwa hiyo kila kisiwa kinajilinda chenyewe. Malgas, kamba ni wengi kiasi kwamba kome wachanga huliwa kabla hawajakua na konokono hawapati nafasi ya kuongezeka. Mawe yaliyobaki wazi yanaota mwani. Marcus, konokono ni wengi kiasi kwamba kamba yeyote anayeingia, mmoja au elfu, hadumu kiasi cha kuwapunguza. Bahari moja, wanyama wale wale, na hali mbili zilizo kinyume.

Kuna konokono mmoja, hata hivyo, anayeweza kuishi Malgas katikati ya kamba wote wale. Kombe lake limefunikwa utando wa viumbe wadogo mno walioshikamana, wanaoota juu yake kama ngozi ya pili. Watafiti walipowapa kamba wa Malgas konokono wa aina mbalimbali, waliwala wengine wote. Huyu aliyevaa utando walimwacha.